Sevo inayotetemeka: historia fupi

Mwaka 1898 Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo kwa redio mjini New York. Tangu hapo adui ni yule yule: kelele.

Sevo ya ndege-mfano hupokea mpigo wa umeme mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 humaanisha kaa katikati. 1 au 2, geuka. Mpigo ukiyumba, usukani hutetemeka na ndege yaweza kuanguka.

Zamani tulilaumu hewa. Masafa ya MHz 27 yalitumiwa pia na redio za CB, na warushaji wawili wa chaneli moja waliangushiana ndege. Mwaka 2005 Spektrum DX6 ilikuja na GHz 2.4, kila kipokezi kikitambua rimoti yake. Ugomvi huo ukaisha, mtetemo ukabaki.

Hapa Kalamba mimi hutafuta chanzo kama ninavyotafuta hitilafu ya programu: nabadilisha kitu kimoja kimoja. Naweka sevo nyingine kwenye waya ule ule. Ikitulia, ya kwanza imechakaa, au vumbi letu la kiangazi limeingia kwenye potenshiomita. Isipotulia, napima betri, kisha nasogeza waya mbali na mota. Yote haya ardhini, kabla ya kurusha.