Dawa Inapoamsha Ugonjwa

Tarehe 4 Agosti 1890, mjini Berlin, Robert Koch aliwatangazia madaktari wa mataifa mengi kwamba amepata kitu cha kuzuia vidudu vya kifua kikuu. Ni yeye aliyevigundua mwaka 1882, basi nani angethubutu kumbishia? Wagonjwa walimiminika Berlin. Waliochomwa sindano ya tuberkulini walishikwa na homa kali, na vidonda vya ngozi vikavimba na kuiva. Hiyo ilihesabiwa ishara njema: dawa imeukuta ugonjwa. Januari 1891 Rudolf Virchow akaeleza aliyoyaona katika maiti alizopasua. Ugonjwa ulikuwa umechipuka upya. Tuberkulini haikuponya, ikaja kubaki kipimo tu.

Nimefundisha historia miaka mingi, na kisa hiki hunivutia kwa kuwa karne iliyofuata ilikipindua. Zilipopatikana dawa za kweli, streptomaisini mwaka 1943 na isoniazidi mwaka 1952, madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wakizidiwa ilhali vidudu vinakufa: matezi yanakua, homa inarudi, maji yanajaa kifuani. Kinga ya mwili iliyokuwa imelemewa hupata nguvu, ikavamia hata mabaki ya vidudu vilivyokufa. Uvimbe ndio vurugu ya vita hivyo.

Lakini mwambie hayo mzazi! Mwaka 1994, katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, mwanachuo mmoja alikuwa mwezi wa pili wa matibabu ya matezi ya shingo. Mama yake akaja ofisini.

"Mwalimu, mwanangu alianza na uvimbe mmoja, sasa anayo mitatu. Dawa gani hizi?"

Hakuwa mjinga mama yule, alihesabu alichokiona. Tabibu wa zahanati alimweleza kwa saa nzima, naye akakubali kwa shingo upande. Binti alimaliza miezi yake minane.

Tangu dawa za kupunguza makali ya VVU zianze kuenezwa nchini mwaka 2004, hali hii imejulikana zaidi, maana nazo huiamsha kinga ghafla. Utafiti wa Khayelitsha, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2018, uliwahusisha wagonjwa 240. Waliopewa prednisoni kwa wiki nne walipatwa na hali hiyo kwa asilimia 32.5, na wasiopewa asilimia 46.7. Hata hivyo si kila anayezidiwa amepatwa na jambo hili. Wengine vidudu vyao ni sugu, wengine wana maradhi mengine, kwa hiyo daktari hupima kwanza, na wakati huo vidonge vya kifua kikuu kwa kawaida haviachwi.