Nyumba Mbili na Mlima Mmoja

Siku za mapumziko wazazi wengi mjini Arusha huwapeleka watoto Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale Boma. Watoto hujionea habari za wanyama na chimbuko la binadamu, kisha hurudi nyumbani wamefurahi. Ni jambo jema. Lakini mimi naona kwamba kitu kikubwa kuliko vyote pale ni kuta zenyewe.

Boma lile lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900. Miaka minne kabla yake wamisionari wawili waliuawa Meru, na wakubwa wa Kijerumani wakajibu kwa bunduki na moto. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa. Halafu Waarusha na Wameru, wale wale walioshindwa vitani, wakalazimishwa kulijenga Boma la kuwatawalia. Lilikuja kuwa makumbusho mwaka 1987.

Kutoka hapo hadi Kaloleni ni mwendo wa miguu tu. Karibu na Mnara wa Mwenge kuna Makumbusho ya Azimio, yaliyofunguliwa mwaka 1977. Katika ukumbi huo, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha. Watu wanaweza kubishana mpaka kesho juu ya Ujamaa. Jambo moja halina ubishi: safari hii waliokaa kuamua walikuwa wananchi wenyewe.

Je, tulitokaje Boma tukafika Kaloleni? Inueni macho mtazame Mlima Meru. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilijifunza kwamba mtawala anaweza kushitakiwa.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ile sasa amevuka themanini. Baadhi yao bado wapo, wanaota jua nyuani. Basi mkishatoka katika nyumba hizo mbili, pandeni mlimani na watoto mkawaamkie wazee, muwaulize. Makumbusho yatafunguliwa hata kesho. Mzee hana ahadi hiyo.