Furushi la Mpagazi: Kwihara na Sinema ya Mfuko Mdogo

Ndugu wenzangu, sidhani kama yupo mmoja wetu aliyemaliza masomo Tabora bila kwenda Kwihara japo mara moja. Ni mwendo wa kilometa chache tu kusini-magharibi ya mji, na kwa mwanafunzi mwenye miguu mizima na Jumamosi isiyo na adhabu yalikuwa matembezi ya kawaida. Sisi wa kidato cha tano mwaka 1998 tulikwenda tukiongozwa na mwalimu wetu wa historia. Tukaingia katika lile tembe la udongo mwekundu, tukautazama mlango wa nakshi, tukasimuliwa habari za Livingstone na Stanley, kisha tukarudi mabwenini na njaa zetu.

Mhariri ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili. Nimechagua historia ya watu wetu waliojaribu kutengeneza sinema bila fedha za kutosha. Huenda wengine watauliza sinema ina uhusiano gani na Kwihara. Jibu ni kwamba Kwihara ndiko nilikojifunza ugumu wa kazi hiyo, na nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, ambalo nitalieleza hapa chini bila kuficha.

Kwanza tukumbushane. Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871, baada ya safari ya takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Gharama zilikuwa za gazeti la New York Herald la Marekani. Akakaa Kwihara hadi Septemba kwa kuwa vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Februari 1872 alirudi hapo pamoja na Livingstone aliyemkuta Ujiji. Machi akashika njia ya pwani, na Livingstone akabaki akingojea wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Mwezi Oktoba 1873 akina Chuma na Susi waliupitisha mwili wake hapo hapo Unyanyembe. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta, aliwashauri wamzike huku huku Afrika. Wakakataa, wakauchukua mzigo wao pamoja na madaftari ya marehemu hadi pwani. Kwa hiyo maneno ya Livingstone yalisalimika kwa sababu walikuwapo watu wa kuyabeba. Maneno ya waliobeba hayakupata mbebaji.

Na waliobeba walikuwa wengi, hasa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua ratili sitini hadi sabini begani, ukiacha mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Bidhaa za msafara mara nyingi zilikopwa Unguja kwa matajiri, zikalipwa kwa pembe baada ya miaka. Lakini yapo mambo ambayo hatukufundishwa siku ile. Wanyamwezi walikuwa na misafara yao wenyewe, na hata yule aliyeajiriwa kubeba mzigo wa tajiri mara nyingi aliongeza juu yake furushi lake dogo la biashara. Mshahara ulimlisha njiani, na furushi lilimfanya arudi kwao akiwa mtu mwenye kitu. Naomba msomaji alishike jambo hili la furushi, maana ndilo kiini cha makala haya.

Sinema nayo iliingia nchini kama mzigo wa tajiri. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 ulifanyika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa Waingereza, Meja Notcutt na Bwana Latham. Zilitengenezwa filamu 35 kwa ukanda mwembamba wa milimita 16, na ili kupunguza gharama maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalichezwa kwenye sahani za santuri. Lori lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Filamu mojawapo ilionyesha mtu aliyezika fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake aliyeziweka benki ya posta zikawa salama. Waigizaji walikuwa watu wetu, ila hadithi na filamu zenyewe hazikuwa zetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Nyota wake, kama wengi mjuavyo, alikuwa mwanafunzi wa Tabora aliyetutangulia, Marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, na sura yake ilijulikana kwenye turubai kabla hajaongoza vyama vya wafanyakazi na kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Sisi watumishi wa umma tunaodhani kwamba ofisi na sanaa haviwezi kukaa nyumba moja yafaa tumkumbuke.

Tukilinganisha gharama tutaona ajabu. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu ya Stanley and Livingstone, na Spencer Tracy ndiye aliyekuwa Stanley. Kikosi kilitumwa Afrika Mashariki kupiga picha za msafara na wanyama, lakini waigizaji wakuu walipigwa picha zao Marekani. Kwa hiyo hadithi ya nchi yetu iliwahi kupata fedha nyingi, na hata hivyo mpagazi alibaki mtu wa nyuma ya picha, akipita na mzigo kichwani bila jina.

Baada ya Uhuru tulianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Kazi yake kubwa ilikuwa kuagiza na kusambaza filamu za nje, ila ilitengeneza pia za kwetu, kama vile Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970. Shida ilikuwa ni fedha za kigeni: ukanda wa filamu haukutengenezwa nchini. Hata hivyo mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu, hadithi ya muda wa nusu saa na ushei tu, kuhusu mke mgonjwa na uganga wa jadi. Walithibitisha kwamba filamu fupi ya watu wachache inaweza kusema jambo zito.

Aliyenifunza zaidi ni Bibi Flora M'mbugu-Schelling. Filamu yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, These Hands, ina dakika 45. Inawaonyesha wanawake wakiponda kokoto kwa nyundo machimboni Kunduchi, Dar es Salaam, na miongoni mwao ni wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuna msimulizi wa kutueleza la kufikiri. Kamera inakaa na jiwe, nyundo, mtoto mgongoni na wimbo. Mahali pamoja, kazi moja, subira nyingi. Mtu mwenye fedha angeweza kuhangaika huku na huku akaukosa ukweli ule.

Kisha zikaja kamera ndogo za dijitali. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilifungua mlango, vijana wakamiminika. Hadithi zilikaa sebuleni kwa kuwa sebule ya shangazi haina kodi, gari lilikuwa la kuazima, na filamu moja iligawanywa mara mbili ili iuzwe mara mbili. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, majirani zetu, alifika hadi kushirikiana na waigizaji wa Nigeria. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati wa watu ulijaa Dar es Salaam kumzika. Umaarufu ulikuwapo. Mali ndiyo iliyokuwa haba, maana desturi ilikuwa mtengenezaji kukabidhi kanda mama, au "masta" kama vijana walivyoiita, pamoja na haki zote, kwa malipo ya mara moja. Msambazaji akaendelea kuuza, na mwenye hadithi akaanza upya bila kitu. Huko ni kumpa tajiri mzigo wake, na furushi lako juu yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka 2004 nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shahada ya historia, bila kazi. Nikakutana tena na wenzangu wawili wa bweni moja, tukaamua kutengeneza filamu ya wapagazi wa Kwihara. Kamera tuliiazima kwa mjomba wa mmoja wetu, mpiga picha za harusi mjini Tabora. Fedha yetu ilitosha kanda nne za saa moja moja, na kila kanda ilitugharimu kuliko chakula cha siku mbili.

Kwihara tulimpata mzee mmoja aliyepita miaka themanini, ambaye babu yake alikwenda pwani na misafara mara nyingi. Alituzungumzia saa mbili nzima, kanda mbili kamili. Alieleza jinsi kiongozi wa msafara alivyoamsha watu alfajiri, jinsi bega linavyoota sugu, walivyoficha hofu wakipita penye vita, na walivyowazika wenzao kando ya njia na kuugawana mzigo wa marehemu. Ni yeye aliyetueleza kwa mara ya kwanza habari za furushi. Mambo mengine nimeyasoma baadaye katika vitabu vya wataalamu. Mengine sijayaona popote.

Kanda mbili zilizobaki tulizijaza kwa tembe, miembe na njia. Kisha mmoja wetu, na huyo mmoja ni mimi, akasema kwamba filamu haitauzika bila Stanley. Tulimtafutia kijana mweupe wa rangi kofia na buti, tukamwandaa, na kanda hatuna. Nikashauri tuirudishe nyuma kanda ya pili ya mzee tupige juu yake, maana mzee yupo, tutamrudia tukipata fedha. Wenzangu walisita, nikawashinda kwa maneno ya kisomi. Basi tulimfuta mpagazi ili tumpate Stanley.

Fedha hazikupatikana. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliyeonyeshwa vipande vyetu alisema hakuna mapenzi ndani yake, hivyo hakuna soko. Miezi saba baadaye tulipata habari kwamba mzee amefariki. Nilikwenda kuhani nikakaa mkekani na wajukuu zake. Mmoja akaniuliza lini watasikia sauti ya babu yao. Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lile limekaa nami miaka yote hii ya kazi yangu katika idara ya utamaduni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nimelifuta daftari kwa mkono wangu.

Mwenzetu mmoja hakukata tamaa, na ndiye ninayetaka vijana wajifunze kwake. Alijiunga na yule mjomba katika picha za harusi, na hadi leo harusi, mahafali na mikutano ndiyo mizigo ya matajiri inayomlisha. Lakini katika kila malipo anatenga sehemu kwa ajili ya furushi lake, na kila baada ya miaka miwili au mitatu anatoa filamu moja iliyo yake. Alinunua maikrofoni nzuri kabla ya kamera nzuri, kwa kuwa mtazamaji husamehe picha hafifu ila hawezi kusamehe maneno asiyoyasikia. Hadithi huikata kwenye karatasi, ambako kufuta hakugharimu kitu, kabla ya kwenda mahali ambapo kila siku ni nauli na ugali wa watu wanane. Kibali cha Bodi ya Filamu, kinachotakiwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, hukiweka kwenye bajeti mapema kama misafara ilivyotenga hongo ya njiani. Haki huikodisha kwa mkataba wa maandishi na wa muda, hauzi moja kwa moja. Na kila alichorekodi hukihifadhi nakala mbili katika nyumba mbili. Hili la mwisho aliniambia amelipata Kwihara, na hakuniambia kwa ukali.

Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji, Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto. Nilifurahi sana. Lakini si kila mzee wa Unyanyembe atangoje Toronto. Siku hizi simu iliyomo mfukoni mwa msomaji inaweza kurekodi saa mbili bila kununua kanda.

Ile kanda ya pili haikufutika yote. Kile kipande cha Stanley hakikuijaza, na mwishoni zimebaki dakika kumi na moja. Ndani yake mzee amesimama, amevua shuka yake, anatuonyesha jinsi furushi linavyofungwa juu ya mzigo ili lisidondoke na lisimuumize mbebaji shingo. Kanda ya kwanza ni nzima. Tumezinakili zote, na nakala ya kwanza tumewapelekea wajukuu zake.

Kwa idhini yao tutaonyesha dakika hizo usiku wa Jumamosi ya mkutano wetu. Likizo yangu ya Desemba nitaitumia Kwihara na vijiji vya jirani, pamoja na mwenzetu huyo, kurekodi wazee waliobaki. Hatuombi fedha nyingi. Tunaomba kila mmoja aje na jina la mzee mmoja anayemfahamu na kijiji chake, na atakayeweza kutuchangia chombo cha kuhifadhia kumbukumbu, atushike mkono. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Huu si wa mwenzetu, ni wetu.