Kasulo: hatari iliyokuwa chini ya sakafu

Mwaka 2014, mkaaji mmoja wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, alichimba shimo katika kiwanja chake akakuta mawe yenye kobalti. Habari ilienea haraka. Wengi walianza kuchimba uani, wengine wakavunja sakafu ya chumba chao. Juu watoto walilala. Chini wachimbaji walifuata madini mpaka chini ya nyumba ya jirani. Hata asiyechimba hakuwa salama kwake.

Vumbi nalo liliingia ndani. Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji wa Kasulo, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa.

Mwaka 2017, sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, baada ya jimbo la Lualaba kupatana na kampuni ya Congo Dongfang Mining. Familia nyingi zilihamishwa.

Hatari hiyo haikuletwa na mwizi wa usiku. Mara nyingi aliyechimba ni mwenye nyumba, akitafuta chakula na pesa ya masomo kwa watoto wale wale waliolala juu ya shimo.