Kutoka Kipande Hadi Laini ya Simu: Historia Fupi ya Karatasi Zetu

Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi chetu alikuja kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amefanya kazi ya miezi miwili, pesa zimeingia kwenye simu, lakini hawezi kuzitoa. Laini ilisajiliwa kwa jina la jirani, maana wakati anaanza kuitumia yeye alikuwa na karatasi ya usajili tu, kitambulisho bado. Halafu jirani akapata safari, akaenda Kanada na familia yake. Siku moja kijana akakosea namba ya siri mara tatu, laini ikajifunga. Wakala akamwambia: "Mwenye laini aje na kitambulisho chake." Mwenye laini yuko kwenye theluji.

Mimi kama mtu wa kazi ya vijana nilitakiwa kuwa na jibu, na sikuwa nalo. Ndiyo nikaanza kuuliza na kusoma: hizi karatasi zinazotushika shati kila mahali zilianzia wapi?

Hapa Kenya lazima tuanze na kipande. Wazee wa Kenya wakisikia neno hilo bado wanakunja uso. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Karatasi ilikaa ndani ya kijisanduku cha chuma, kikining'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro na polisi wanakutafuta. Harry Thuku na wenzake walipinga jambo hili waziwazi mwaka 1921, na Machi 1922 Thuku akakamatwa. Kipande kilifutwa mwaka 1947 tu.

Mwaka huohuo wa 1922, huko Ulaya, karatasi ya namna nyingine ilikuwa inazaliwa. Warusi wengi sana walikuwa wamekimbia mapinduzi na vita, na serikali mpya ya kwao ikawavua uraia. Walikuwa hawana nchi wala pasi. Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, aliyeshughulikia wakimbizi katika Shirika la Mataifa, akapendekeza wapewe hati ya kuwatambulisha na ya kusafiria. Watu wakaiita pasi ya Nansen. Baadaye Waarmenia na wengine walipewa pia. Mchoraji Marc Chagall alikuwa nayo, na mtunzi wa muziki Igor Stravinsky pia. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Mwanzoni hati hiyo haikumpa mtu haki ya kurudi katika nchi iliyoitoa. Ilisema wewe ni nani, basi. Hata hivyo kwa mtu asiye na chochote, hiyo ilikuwa kubwa.

Baada ya Vita ya Pili ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Watu wengi kambini wanaujua kwa jina, lakini vifungu viwili vya maana kwetu havitajwi sana. Kifungu cha 27 kinasema nchi itampa kitambulisho mkimbizi yeyote aliye ndani yake ambaye hana hati halali ya kusafiria. Kifungu cha 25 kinasema pale unapohitaji cheti ambacho kwa kawaida kingetoka serikali ya kwenu, nchi uliyomo ihakikishe unasaidiwa. Yaani waliouandika walijua kwamba mtu aliyekimbia hawezi kurudi kwa chifu wa kwao kuomba barua. Kenya ilijiunga na mkataba huu mwaka 1966.

Miaka ya mwanzo wakimbizi hapa Kenya walikuwa wachache na serikali yenyewe ndiyo iliwapokea. Kisha 1991 na 1992 watu wakaja kwa wingi kutoka Somalia, Ethiopia na Sudan. Kambi ya Kakuma ikafunguliwa 1992, na UNHCR ikabeba kazi ya kusajili. Kwa miaka mingi karatasi ya maana kambini ikawa kadi ya rashoni. Kadi hiyo ilikupa unga na mafuta. Benki ilikuwa haiitambui, na polisi barabarani hakutaka hata kuitazama.

Mwaka 2007 ndio unanishangaza. Mwezi Machi M-Pesa ilianza. Mwezi Mei sheria ya wakimbizi ya 2006 ikaanza kutumika, ndiyo sheria ya kwanza ya Kenya iliyotuhusu sisi moja kwa moja. Pesa zikahamia kwenye simu, na sisi tukaahidiwa vitambulisho, karibu wakati mmoja. Lakini pesa zilienda mbio kuliko vitambulisho. Mwaka 2009 ikatungwa sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, inayozitaka benki kumjua mteja wao, na baadaye kila laini ikatakiwa kusajiliwa kwa jina la mtu. Aliyekuwa bado anasubiri kitambulisho akakwama.

Sisi wenyewe hatukukaa bure. Wakongo walikuja na likelemba, Wasomali na hagbad, Wakenya wana chama: ni kitu kimoja, watu kumi wanachanga, mmoja anachukua, mwezi ujao mwingine. Hawala za Wasomali zilileta pesa kutoka ng'ambo wakati benki za kwao zilishavunjika. Karatasi yake ni kuaminiana. Ubaya wake ni kwamba aliyepokea akiondoka usiku, huna mahali pa kushtaki.

Mwaka 2015 WFP ilianza Bamba Chakula hapa Kakuma. Familia zikapewa laini, na sehemu ya rashoni ikaja kama pesa za kununulia chakula kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Ulikuwa huwezi kuzitoa taslimu, lakini mama zetu wengi walijifunza namba ya siri kwa mara ya kwanza pale. Kule Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa 2016, baadaye familia zilipewa pesa za kujenga nyumba kupitia akaunti za benki.

Na sasa tuna sheria ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Inasema kitambulisho cha mkimbizi kina hadhi sawa na cheti cha mgeni mwingine aliyesajiliwa Kenya. Kile ambacho kambini tunakiita "alien" kinatakiwa kukubalika kama cha Mhindi au Mwingereza anayeishi Nairobi. Sheria iko wazi. Shida iko dirishani, pale karani anapokigeuza mara mbili na kusema mfumo haukubali namba hii.

Kwa hiyo, wenzangu: sajili laini kwa jina lako siku ileile kitambulisho kinapotoka. Piga picha kadi zako zote, uandike tarehe ya mwisho, uende kuomba upya mapema kabla haijaisha. Usikubali akaunti yako ikae kwa jina la mtu, hata ndugu.

Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, kabla ya kumlipa kijana kwa simu, muulizeni laini ni ya nani. Kama hana kitambulisho, msimwambie tu atafute namba ya mtu. Hapo ndipo shida ya kijana wetu ilianzia.

Yeye sasa ana kitambulisho na laini yake. Zile pesa za miezi miwili bado zimefungwa. Kila Jumapili anampigia jirani wa Kanada, na jirani anamwambia bado anaulizia jinsi ya kusaidia akiwa mbali.