Watu Kumi wa Sala: Wayahudi wa Rhodes katika Nchi ya Shaba

Kila ifikapo tarehe 23 Julai, Wayahudi wenye asili ya kisiwa cha Rhodes, popote walipotawanyika, hukumbuka siku ya mwaka 1944 ambapo Wajerumani waliwapakia ndugu zao katika mashua za mizigo na kuwavusha hadi bara la Ugiriki, kisha wakawasafirisha kwa treni mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz, walikofika tarehe 16 Agosti. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakijua kisiwa hicho kwa jina la Rodo, kwa kuwa Mtume Paulo alipita hapo akitokea Kosi, na ni kutoka visiwa hivyo viwili vya Matendo ya Mitume ambapo watu zaidi ya 1,700 walichukuliwa na takriban 150 tu wakapona. Mjini Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, siku hiyo hupita bila kutajwa, ingawa Katanga ya zamani, ambayo Lualaba ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2015, ilikuwa mojawapo ya makimbilio makubwa ya watu wa Rhodes nje ya kisiwa chao.

Njia iliyowafikisha huku ni ndefu. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, wakapokewa katika dola ya Waturuki, na kwa zaidi ya miaka 400 wakaendelea kusema Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania, lugha iitwayo Kiladino. Kisiwa kilikuwa maskini na vijana walikuwa wengi, Italia ilikitwaa mwaka 1912, na wakati huohuo reli iliyotoka kusini ilikuwa imefika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafungua soko la machimbo ya shaba ya kampuni ya Union Minière. Kaka alimwita mdogo wake, mjomba akamwita mpwa, na maduka ya vitambaa, mablanketi, chumvi na samaki wa kukausha yakafunguliwa kufuata reli na machimbo. Mwaka 1929 jumuiya ilianza kujengewa sinagogi lake Elisabethville, kwa ramani ya msanifu Mbelgiji Raymond Cloquet, na jengo hilo bado limesimama.

Mengi yanayojulikana kuhusu maisha ya ndani ya jumuiya hiyo yamehifadhiwa katika kitabu ambacho Milantia Bourla Errera aliandika kuhusu Rabi Moïse Lévy, kiongozi wa dini aliyeanza utumishi wake Kongo mwaka 1937 na kuuendeleza hadi mwaka 1991, yaani chini ya Wabelgiji, chini ya serikali ya Katanga iliyojitenga na chini ya Mobutu. Elisabethville ndiyo iliyokuwa makao yake, lakini kundi lake lilitapakaa nchi nzima, zikiwemo familia chache za Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na za Kolwezi, mji wa machimbo ulio mamia ya kilomita upande wa magharibi. Uchache huo ulikuwa na uzito ambao Mkristo au Mwislamu huenda asiuone mara moja, kwa sababu kwa kawaida ya Kiyahudi ya wakati ule sala kadhaa za hadhara hazikuweza kusomwa pasipo wanaume kumi waliotimiza miaka 13, idadi iitwayo minyani. Kadishi, sala ambayo mfiwa humsomea marehemu wake, ni mojawapo. Walimu wa sheria huiegemeza hesabu hiyo kwenye wapelelezi kumi wa kitabu cha Hesabu walioitwa kusanyiko, na wengine hukumbusha kwamba Abrahamu, akiombea Sodoma, alishuka kutoka hamsini hadi kumi na hapo akakoma.

Kwa hiyo katika mji wenye Wayahudi wachache, mfiwa aliyekosa mtu wa kumi alinyimwa sala yake, hata kama tisa waliokuwapo walikuwa matajiri au wasomi wakubwa. Hapa tajiri huhesabiwa mmoja na maskini huhesabiwa mmoja, na rabi mwenyewe huhesabiwa mmoja. Ni vigumu kupata kanuni inayomheshimu mtu wa kawaida kuliko hiyo, na inafaa ifikiriwe na wakazi wa ukanda wa shaba, ambako kwa zaidi ya karne moja watu wamehesabiwa kwa namba za kazini na utajiri kwa tani.

Sabato nayo ilikutana na nchi ya shaba kwa namna ya pekee. Katika Kiswahili cha Katanga Jumamosi huitwa siku ya mposho, jina linalotokana na posho, yaani mgao wa chakula ambao mfanyakazi wa kampuni alipewa kila wiki: unga, samaki, mafuta ya mawese. Siku ambayo wenyeji waliipa jina la mgao, sheria ya Musa iliifanya siku ya kutonunua wala kuuza, kutowasha moto wala kubeba mzigo, tangu jua la Ijumaa lizame hadi nyota tatu zionekane jioni ya pili. Mwenye duka alisimama kati ya kalenda mbili, ya kengele ya kampuni na ya baba zake, na dhamiri ya kila mmoja ilibidi iamue. Jambo moja lilikuwa rahisi kuliko Ulaya: wakati wa kuwasha mishumaa ya Ijumaa hauhamihami sana Kolwezi, kwa kuwa machweo ya Juni na ya Desemba hayapishani hata saa moja.

Ulinganifu wa ajabu zaidi umo katika majira ya mvua. Mwisho wa Sukoti, ile Sikukuu ya Vibanda ambayo familia hula chakula chini ya paa la matawi lililo wazi kiasi cha kuonyesha nyota, Wayahudi huanza kutaja mvua katika sala, na ifikapo Pasaka huacha kuitaja, wakaomba umande. Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya mashamba ya Israeli, na huleta utata kwa Wayahudi wengi wa upande wa kusini wa ikweta, kama wale wa Cape Town, ambako mvua hunyesha katika miezi iliyo kinyume. Lualaba haina utata huo. Mvua zake huanza kati ya Oktoba na Novemba, baada ya joto na vumbi la Septemba, na hukatika Aprili, hivi kwamba sala iliyoandikwa kwa ajili ya Yerusalemu huangukia karibu wiki zilezile ambazo mkulima wa Kolwezi hutazama mawingu akiwa na jembe mkononi.

Historia hiyo tulivu ilirudi magazetini kwa kelele Julai 2021, wakati mbunge Nsingi Pululu alipowasilisha Kinshasa mswada uliobuniwa na Noël Tshiani, ambao ungeuweka urais na vyeo vingine vya juu kwa waliozaliwa na baba na mama Wakongomani pekee. Wengi waliuona kuwa umelengwa kwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ambaye baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki katika eneo la Luapula na Mweru, na mama yake ni Mkongomani wa bonde hilo. Watetezi walisema nchi iliyovamiwa mara nyingi lazima ijilinde, wapinzani wakasema mswada unawagawa wananchi katika matabaka, na kwa miezi mingi redio na mitandao ilijaa mabishano kuhusu damu ya mtu. Mswada haukuwa sheria, na Katumbi aligombea Desemba 2023, akatangazwa wa pili.

Nyuma ya kelele hizo zote lipo jambo moja lenye mafunzo. Sheria ya kimapokeo ya Kiyahudi huhesabu uzao kwa mama: mtoto wa Myahudi na mwanamke asiye Myahudi si Myahudi, hata kama baba ni mcha Mungu na anamtambua. Wabemba na wengi wa jamaa zao wa Luapula nao huhesabu ukoo kwa mama, na mtoto ni wa wajomba zake kabla hajawa wa baba. Kwa hiyo mtoto wa mfanyabiashara wa Rhodes na mwanamke wa Luapula, akipimwa kwa Torati au kwa desturi ya Luapula, hupata jibu lilelile, kwamba ni wa nchi ya mama yake. Mila mbili zilizokua mbali kabisa zilikwisha kulitatua suala ambalo wanasiasa walilifanya fumbo, na wazee wa upande wowote wangeweza kuulizwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia baadhi ya walionusurika Auschwitz walikuja kwa jamaa zao Kongo, akiwemo Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930. Mwaka 1960 Wayahudi wa Kongo yote walikuwa takriban 2,500, wengi wao Katanga, na uhuru na vita vya kujitenga kwa Katanga vikawatawanya kuelekea Brussels, Israeli na Cape Town. Amri ya Mobutu ya Novemba 1973 iliyotwaa biashara za wageni ilifunga maduka mengi yaliyobaki, ya Wagiriki, Wareno na Wayahudi pamoja, na vita vya Kolwezi vya Mei 1978 viliwaondoa wageni wengi waliokuwa bado mjini. Watoto wa Kolwezi husoma tarehe za Union Minière na za Gécamines, kampuni iliyoirithi, lakini shuleni hawafundishwi ni nani aliyewauzia babu zao blanketi la kwanza, wala ni kwa nini mtu huyo alikuwa amekimbilia huku, na huo ni upungufu ambao mwalimu mmoja mwenye ramani ya Bahari ya Kati angeweza kuurekebisha kwa kipindi kimoja.

Modiano alirudi Ulaya baada ya uhuru wa Kongo, na uzeeni alitumia majira mengi ya joto Rhodes katika sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, akiwapokea wageni mlangoni na kuwasimulia habari za mtaa usio na wenyewe tena. Katika kisiwa hicho watu kumi wa sala mara nyingi hupatikana tu wageni wanapofika.