Kabla ya Serengeti Kulikuwa na Rukwa

Kijana wa Tunduma anayetaka kusomea ikolojia ya wanyamapori akiulizwa ndoto yake iko wapi, atakuonyesha kaskazini: Mweka, Serengeti, Ngorongoro. Simlaumu. Tunduma tunayoijua ni ya malori, foleni ya mpakani, mawakala wa forodha na wabadilisha kwacha. Nyati utamwona kwenye noti au kwenye kalenda tu. Lakini kuna habari ambayo sisi watu wa Songwe hatusimuliwi shuleni: moja ya mawazo makubwa ya ikolojia ya Afrika, lililowapa watu uzamivu na uprofesa, lilitoka kwenye mbuga za Bonde la Rukwa, hapo chini tu ya milima yetu. Na aliyeliandika hakuwa profesa. Alikuwa ameajiriwa kupambana na nzige.

Tuanze na bonde lenyewe. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ukitoka kwenye kahawa ya Mbozi ukateremka kwenda Kamsamba, unaingia Bonde la Ufa la magharibi. Mto Momba unapeleka maji yake Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Kwa hiyo mvua zikizidi linafura, zikipungua linarudi nyuma na kuacha mbuga pana za majani marefu. Mbuga hizo ni mazalia ya nzige wekundu.

Nzige hao si wadudu wa kuchezea. Kati ya 1930 na 1944 walisambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta. Wataalamu walipofuatilia makundi yalikoanzia, wakakuta ni sehemu chache tu, mojawapo Rukwa, nyingine Mweru wa Ntipa upande wa Zambia. Mwaka 1949 serikali za kikoloni zikaunda shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu.

Hapo ndipo anapoingia Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa wadudu aliyekwisha kufanya kazi Shelisheli na Uarabuni. Sasa bwana, huwezi kumjua nzige bila kuyajua majani anayotagia na tunutu wanamokulia. Huwezi kuyajua majani bila kujua maji, moto, na wanyama wanaoyala. Kazi ya nzige ikamlazimisha atazame kila kitu.

Alichokiona ni hiki. Maji yakipungua, wanaotangulia kuingia kwenye majani marefu na magumu ni wanyama wakubwa, tembo na nyati. Wanakula na kukanyaga. Majani yaliyolazwa yanachipua upya, mafupi na laini, na hapo wanafuata wadogo wao kama nyamera, ambao yale marefu yasingewafaa. Yaani mmoja anamwandalia mwenzake meza. Aliyaandika haya mwaka 1960 katika Journal of Mammalogy, na mwaka 1965 akachapisha makala nyingine iliyohusu malisho ya wanyama wa Rukwa peke yake.

Wazo likasafiri. Taasisi ya utafiti ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1966, na mwaka 1971 Richard Bell akaonyesha mpangilio wa aina hiyo kule: pundamilia mbele, nyumbu wanafuata, swala tomi nyuma. Samuel McNaughton akalipima zaidi mwaka 1976. Mwaka 1982 Sinclair na Norton-Griffiths wakalitilia shaka: mbona nyumbu wameongezeka sana na swala tomi hawakuongezeka pamoja nao? Mabishano ya namna hiyo ndiyo yanayojenga taaluma. Kila swali lina mwanafunzi wake, kila mwanafunzi ana msimamizi wake, na miaka ikipita unakuta idara nzima imesimama juu yake.

Kwa nini basi haikusimama Rukwa? Kwa maoni yangu sababu ni ya kawaida kabisa: mshahara. Serengeti ilipata taasisi ambayo kazi yake ilikuwa kuwatazama wanyama mwaka hadi mwaka. Rukwa ilikuwa na ofisi ya kumzuia nzige, na nzige akitulia, nani ataendelea kulipia mtu wa kutazama majani? Vesey-FitzGerald mwenyewe baadaye alihamia Arusha, kwenye utafiti wa Hifadhi za Taifa. Alipoondoka hakuacha darasa nyuma yake.

Kuna la pili, linaloniuma zaidi. Makala zile mbili zina jina moja tu la mwandishi. Kazi ya porini haifanywi na mtu mmoja. Kuna aonyeshaye njia, kuna ajuaye jina la kila jani kwa lugha ya kwao. Wote hao hawamo.

Sasa linganisha na kipunji. Mwaka 2005 nyani huyo mdogo wa Mlima Rungwe, kwa jirani zetu wa Mbeya, alitangazwa katika jarida la Science. Fununu zake watafiti walizipata kwa wenyeji, na jina la wenyeji ndilo likawa jina la kisayansi. Kati ya waandishi saba wamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwaka uliofuata majina yao yakaonekana tena, kipunji alipopewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Kwa msomi, jina kwenye makala ndiyo ngazi ya kupandia. Kati ya 1960 na 2005, ngazi hiyo ilisogezwa mpaka mlangoni kwetu.

Na maswali ya Rukwa hayajaisha. Mwaka 2009 nzige wekundu waliamka tena, na katika mbuga za Rukwa, Katavi na Malagarasi wakapigwa kwa dawa ya ukungu unaoua nzige, badala ya kutegemea sumu za kizamani. Bondeni leo ng'ombe wa wafugaji wanakula pale walipokula nyati. Je, ng'ombe naye anamwandalia mwenzake meza, au anaimaliza peke yake? Huo ni uzamivu mzima, na nauli yake kutoka Tunduma ni ya basi tu. Chuo Kikuu cha Sokoine sasa kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi, upande wa pili wa bonde hilihili. Wahadhiri wakifundisha Serengeti, waanze na Rukwa, kisha wawateremshe wanafunzi Kamsamba wakaone majani yenyewe.